Wingi wa mabua si wingi wa mahindi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki hii tutoke sebuleni tuingie uani, mahali pale baina ya jiko na uzio, ambapo kila familia ya Mamboya huwa na kipande chake cha ardhi hata kiwe kidogo namna gani. Mashamba ya wazee wetu yamegawanywa kwa mirathi mara moja, mara mbili, mara tatu, na kijana anayeoa leo mara nyingi hupata kiwanja cha nyumba na sehemu ya nyuma isiyozidi ukubwa wa baraza la msikiti. Mvua zikianza kunyesha katika vilima vyetu vya Ukaguru, kila mtu hushika jembe, na swali huwa lile lile: kwa kuwa mahali ni padogo, je, si bora mahindi yapandwe karibu karibu ili yawe mengi?

Swali hilo mimi niliwahi kulijibu vibaya. Nililijibu mbele ya watu, tena kwa mali isiyokuwa yangu. Nimekwisha kuwaeleza waumini wa msikiti wetu habari hiyo, na leo naieleza hapa ili mwenye bustani ndogo apate faida bila ya kulipa gharama niliyoilipa.

Nyuma ya madrasa yetu pana kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Kiliwekwa wakfu na mzee mmoja ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, na sharti lake lilikuwa jepesi: kitakachotoka humo kiwafae watoto wanaosoma Qur'ani. Kwa muda mrefu kilikuwa magugu matupu. Kisha kamati ikaafikiana kipandwe mahindi, ili asubuhi za Jumamosi na Jumapili watoto wapate uji. Wapo miongoni mwao wanaoshuka kutoka vitongoji vya mbali kabla jua halijachomoza, na huketi mkekani wakiwa hawajatia kitu tumboni. Kazi hiyo nikakabidhiwa mimi, katibu. Fedha za mbegu na za kusombea samadi zilitokana na sadaka ya waumini.

Nilikuwa nimetoka katika chuo cha Kiislamu nikiwa na fiqhi, lugha na elimu ya mirathi. Mafungu ya warithi nilikuwa nayagawa bila ya kutaka karatasi, na hapo katika hesabu ndipo majivuno yaliponikuta. Nilisoma katika simu kwamba wakulima wa mahindi wa Marekani hupanda karibu mabua 80,000 katika hekta moja. Nikapiga hesabu: eneo letu ni sehemu moja ya hamsini ya hekta, kwa hiyo mabua yetu yatakuwa 1,600. Mstari na mstari sentimita 50, shimo na shimo sentimita 25. Kila bua likitoa hindi moja, na kila hindi likitoa gramu 100 tu za punje, tutavuna kilo 160, sawa na debe nane. Nikaandika katika kitabu cha kumbukumbu za kikao: matarajio, debe nane. Wajumbe wakafurahi, nami nikafurahi kuliko wao.

Usiku ule mama wa nyumbani kwangu aliniuliza tumepandaje. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, hayo mmeyapanga kama vitunguu. Yatapumulia wapi?" Nikacheka. Siku ya pili yake muadhini wetu, mzee ambaye amelima katika vilima hivi tangu kabla sijazaliwa, alisimama pembeni mwa shamba akalitazama kwa muda. "Mwanangu katibu," akaniambia, "safu za sala hubanwa bega kwa bega. Safu za mahindi hazibanwi." Nikamjibu kwa habari za hekta na za Marekani. Mzee akatikisa kichwa akaenda zake kutia udhu.

Wiki za mwanzo shamba lilipendeza hata wapita njia wakawa wanasema mashaallah. Shida ilianza siku ya palizi. Jembe halikuweza kupita baina ya mistari bila ya kukata mizizi, ikabidi tupalilie kwa mikono, na kila tulipokanyaga tulivunja mche. Wakaja viwavijeshi vamizi, wale wadudu walioingia nchini mwetu mwaka 2017. Mwenye bustani ndogo anaweza kupambana nao kwa kupita kila siku, kutafuta mayai yao yaliyolundikana katika majani na kuwatoa viwavi kwenye moyo wa mmea kwa mkono. Sisi hatukuweza kupita. Majani ya chini yalianza kuwa ya manjano, na mabua yakawa marefu na membamba kama watoto waliokua upesi bila ya kushiba.

Mwezi wa Februari mvua ikakatika kwa zaidi ya wiki mbili. Vishada vya juu vikachanua vikamwaga unga wake, ilhali katika mabua mengi mahindi yenyewe yalikuwa hayajatoa nywele. Nywele zilipokuja kutoka, vishada vilikwisha kauka. Mvua iliporudi ilikuja na upepo, na mabua yale membamba yakalala chini yakiegemeana.

Tulivuna debe moja na nusu. Mahindi yalikuwa madogo kama kidole gumba, yenye mapengo, na mabua mengi hayakubeba kitu chochote. Juma lile lile mama wa nyumbani naye alipukuchua mahindi yake ya nyuma ya jiko. Eneo lake ni mita sita kwa sita tu, na mabua yake yalikuwa 160. Alipata karibu debe moja, mbali na yale mabichi yaliyochomwa na watoto. Mvua iliyomnyeshea ndiyo iliyotunyeshea sisi, na mbegu aliichota katika mfuko ule ule wa msikiti kwa kuilipia. Eneo lisilofika hata moja ya tano ya letu lilikuwa limetukaribia kabisa kwa mavuno.

Jumamosi iliyofuata mtoto mmoja wa darasa la Juzuu Amma aliniuliza, "Ustadhi, uji wa mahindi yetu unaanza lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ndugu msomaji, kuna njia mbili za kuandika taarifa ya hasara. Ningeweza kuandika kwamba jua lilikuwa kali na wadudu walikuwa wengi, na yote mawili yalikuwa kweli. Lakini shamba la mita sita kwa sita lilikuwa linanitazama kila niingiapo nyumbani. Basi baada ya sala ya Ijumaa nilisimama nikasoma hesabu: kiasi kilichotolewa, kiasi kilichovunwa, na kwamba watu wawili wenye ujuzi walinitahadharisha nami sikuwasikiliza. Imamu wetu akaeleza hukumu, kwamba aliyeshika amana halipi hasara iliyotokea pasipo uzembe wala kuvuka mipaka. Kisha akageuka upande wangu akasema kwa upole kwamba kama palikuwa na uzembe, mwenyewe ndiye ajuaye zaidi. Nilirudi nyumbani nikalipima jambo lile usiku mzima. Kutojua ni udhuru. Kuonywa na kucheka si udhuru. Kwa wiki kumi unga wa uji wa madrasa ulitoka katika ghala la nyumba yangu, na mama wa nyumbani aliridhia, ingawa sehemu ya unga huo ilikuwa jasho lake.

Baada ya hapo nikafanya lile nililopaswa kulifanya mwanzo, nikaenda kuuliza. Afisa ugani alinitazama akatabasamu, akasema kwamba watu wa wilaya ya Kilosa ndio wasio na udhuru kabisa katika habari ya mahindi. Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo, kiko humu humu wilayani kwetu. Huko ndiko zilikoshughulikiwa mbegu ambazo wazazi wetu walizipanda kwa miaka mingi, kama vile Staha na TMV-1, zilizotolewa kwa wakulima katika miaka ya 1980. Mimi nilikuwa nimeivuka Ilonga kwenda kutafuta elimu Marekani, tena nikaichukua nusu.

Nusu niliyoiacha ndiyo hii. Miaka ya 1930 wakulima wa Marekani nao walikuwa wakipanda karibu mabua 30,000 tu kwa hekta. Kutoka hapo hadi 80,000 walitumia miaka mingi ya kuchagua mbegu chotara zinazovumilia kubanana: zenye majani yaliyosimama wima ili mwanga ufike chini, zenye mabua magumu yasiyolala, na ambazo haziachi kubeba hindi hata zikisongwa. Juu ya hayo, hulisha udongo wao mbolea nyingi kwa vipimo. Mimi nilichukua idadi yao nikaiweka juu ya mbegu yetu, samadi yetu kidogo na mvua yetu isiyo na ahadi.

Kwa ardhi zetu, kipimo kinachofundishwa na wataalamu wa Tanzania ni sentimita 75 baina ya mistari na sentimita 30 baina ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Ukipenda kuacha miche miwili katika shimo, basi shimo na shimo liwe na sentimita 60. Njia zote mbili zinatoa mabua 44,000 na kitu kwa hekta, yaani karibu 18,000 kwa ekari. Udongo ukiwa na rutuba ya kutosha na maji yakiwepo, mashimo ya mche mmoja yaweza kusogezwa mpaka sentimita 25. Kusogeza zaidi ya hapo bila ya kuongeza chakula cha udongo ni sawa na kualika wageni arubaini kwa chungu cha watu kumi.

Ili tufahamu kwa nini, tuangalie namna Mwenyezi Mungu alivyoliumba hindi. Bua moja lina ua dume na ua jike, kila moja mahali pake. Kile kishada cha juu, mbelewele, ndicho kinachotoa chavua, ule unga wa manjano. Hindi lililo ubavuni ndilo jike, na zile nywele tunazozitupa wakati wa kumenya zina kazi kubwa. Kila unywele umeshikamana na mahali pa punje moja. Unywele ukiangukiwa na chavua, punje hujaa. Usipoangukiwa, hapo pana pengo. Hindi lenye punje mia nne lilihitaji nyuzi mia nne ziguswe, kila moja kwa wakati wake, katika siku chache ambazo chavua ingali hai. Chavua hubebwa na upepo, na nyingi yake huanguka mita chache tu kutoka ilikotoka.

Mmea unaponyimwa mwanga, maji au chakula, kishada cha juu huendelea na ratiba yake, lakini nywele huchelewa. Dume na jike hupishana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika shamba la madrasa: mabua 1,600 yaligombea maji yale yale, kila moja likapata kidogo kuliko haja yake, na mengi yakaishia kuwa bua tupu. Bua tasa hunywa maji na kula samadi kama lenye hindi. Kila bua la ziada nililolipanda lilikuwa linakula katika sahani ya jirani yake bila ya kuleta kitu.

Hata hivyo ukaribu wenyewe si kosa, na hapa ndipo wengi wetu hukosea upande wa pili. Wapo wanaoogopa kubananisha, wakapanda mstari mmoja mrefu kando ya uzio, halafu wakashangaa mahindi yao kuwa na mapengo ilhali mabua ni manene. Mstari mmoja humwaga chavua yake ikapeperuka kwenda kwa jirani. Mahindi ya bustani ndogo yanataka kuwa jamaa: mabua 24 yaliyopandwa kwa mistari minne ya mabua sita yatajaza punje vizuri kuliko mabua 24 katika mstari mmoja. Yasimame karibu kiasi cha kupeana chavua, na yaachane kiasi cha kila moja kupata jua na maji. Mama wa nyumbani alilijua hilo kutoka kwa bibi yake, aliyekuwa akisema kwamba mahindi ni kama wake wenza, yakae kitongoji kimoja lakini kila moja na jiko lake.

Katika vitabu vya hadithi imo habari, aliyoipokea Imamu Muslim, ya watu wa Madina waliokuwa wakipandishia mitende kwa mkono, wakitia ua la dume katika ua la jike. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoa maoni kwamba huenda haina haja. Wakaiacha, na mavuno yakapungua. Alipoelezwa, aliwarudisha katika ujuzi wao, akawafahamisha kwamba katika mambo ya namna hiyo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Nimeisoma habari hiyo darasani mara nyingi nikiitazama kama mas'ala ya usuli. Sikupata kufikiri kwamba inanihusu mimi nikiwa na jembe mkononi mbele ya muadhini na mbele ya mke wangu. Ikiwa kiumbe bora kuliko wote aliwarejesha watu wa mitende katika uzoefu wao, katibu wa msikiti ni nani hata asiwasikilize watu wa mahindi?

Basi kwa mwenye bustani ndogo, haya ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika kwa mpangilio wa kazi.

Kwanza, chukua kamba na ufunge vifundo kwa kipimo cha sentimita 30. Kamba hiyo ndiyo mizani yako. Jicho la mwenye tamaa hupunguza kila shimo. Pima umbo la mahali pako kabla ya kuchimba. Usipange mistari miwili mirefu ikiwa waweza kupanga minne mifupi. Mahali pa mita tatu kwa tatu panatosha mistari minne ya mashimo kumi, na hayo ni mahindi arubaini kwa familia.

Pili, lisha shimo kabla ya kulidai. Tia konzi mbili za samadi iliyooza vizuri katika kila shimo na uchanganye na udongo. Samadi mbichi huunguza. Majivu, taka za jikoni zilizooza na majani makavu vyote vina faida, navyo viko uani bila ya gharama.

Tatu, panda punje mbili, na baada ya wiki mbili au tatu ung'oe mche ulio dhaifu. Hapa ndipo penye mtihani. Roho inauma kung'oa mche mbichi ulioota kwa rehema ya Mola, na wengi huuacha wakisema, "Acha na wenyewe uishi." Kuuacha ni kuinyima yote miwili. Ng'oa ungali mdogo, siku ambayo udongo una unyevu, bila ya kuutikisa ule unaobaki, kisha mpe mbuzi au sungura.

Nne, ile nafasi ya sentimita 75 usidhani imepotea. Baina ya mistari panda kunde au maharage, na mbegu chache za maboga pembeni. Kunde hurutubisha udongo, na majani ya maboga huufunika usikauke. Mahindi asili yake ni Mexico, na wenyeji wengi wa bara la Amerika waliyapanda pamoja na maharage na maboga kwa karne nyingi kabla ya mbegu yake kuvuka bahari na kufika kwetu. Bibi zetu nao walichanganya vivyo hivyo. Aliyetaka wingi katika mahali padogo ataupata kwa njia hii: mimea ya namna mbalimbali inayogawana jua la juu na la chini, na mboga ya kila siku wakati hindi bado halijakomaa.

Tano, pita kila asubuhi. Bustani ya uani ina fadhila moja ambayo shamba la mbali halina: iko karibu na macho. Tazama viwavi, tazama majani. Vishada vikichanua na nywele zikitoka, subiri umande ukauke, kisha tikisa mabua taratibu ili chavua ianguke. Kama mabua yako ni machache sana, kung'uta chavua katika karatasi na uinyunyize juu ya nywele kwa mkono. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na watoto huipenda mno.

Msimu uliofuata tuliyafanya haya katika kiwanja cha madrasa. Muadhini ndiye aliyeshika kamba, mimi nikawa mchimbaji. Ilitoka mistari 13 yenye mashimo 66 kila mmoja, jumla 858, takriban nusu ya mabua ya mwaka wangu wa hesabu. Ndege na panya walichukua haki yao, yakabaki kama 800. Mvua ilikatika tena katikati, ingawa si kwa muda mrefu kama ule. Tulivuna debe tatu na nusu, na kunde za kutosha kuwapikia watoto siku ya hitimisho. Hazikuwa debe nane. Niliandika katika kitabu cha kamati debe tatu na nusu, chini ya ile nane ya mwaka uliopita ambayo sikuifuta, ili katibu atakayekuja baada yangu aione.

Tukumbuke pia haki ya siku ya mavuno, iliyotajwa katika Surat Al-An'am pamoja na katazo la israfu. Bustani ya uani haifikii kiwango cha zaka, ambacho ni wasaki tano, nacho hukadiriwa kuwa kilo 650 hivi za nafaka. Lakini jirani asiye na uani anasikia harufu ya mahindi yako ya kuchoma. Na imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba Muislamu apandaye mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hata yale ya ndege na panya, basi, hayakupotea.

Nimekuwa nikiitafakari Surat At-Takathur tangu mwaka ule. Tumezoea kuifasiri kwa habari ya matajiri na majumba yao. Sikuwa na jumba, lakini nilikuwa na mabua 1,600, na yalinishughulisha mpaka nikasahau kwamba mtoto hali bua. Mwenyezi Mungu ameiweka mizani akatuamuru tusiipunje, na mche nao una fungu lake la jua, la maji na la udongo, kama mrithi alivyo na fungu lake. Mgawaji wa mirathi akiongeza warithi wasiokuwepo, kila mwenye haki hupungukiwa.

Jumamosi iliyopita nilimkuta yule mtoto wa Juzuu Amma ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, akipuliza mvuke. Akaniuliza kama ni wa mahindi yetu. Nikamwambia ndiyo, ni wa yale aliyoyatikisa yeye mwenyewe asubuhi.

Wabillahi tawfiq.